Ping inaitika, faili haziendi: kutafuta tatizo la MTU kwenye seva ya nyumbani

Seva iko hewani. Ping inajibu bila kupoteza hata moja, SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) inafunguka, na ukiandika `ls` kwenye folda ndogo majina yanakuja mara moja. Ukiandika `dmesg`, inayotoa maandishi mengi, skrini inaganda. Ukurasa wa picha za familia unaonyesha menyu, kisha kiduara kinazunguka bila kikomo. Ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi kila kitu ni kizuri, ukitoka nje na laini ya simu mambo yanakwama.

Sura hii ina jina lake: shimo jeusi la MTU, yaani la ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. Kitu kidogo kinapita, kikubwa kinakwama, na kinakwama palepale kila unapojaribu. Ukiona hivyo, acha kuzima na kuwasha ruta, acha kusakinisha programu upya, nenda ukapime MTU.

Kabla ya hapo, ondoa yale yanayofanana nayo. Ping ndogo yenyewe ikidondoka mara kwa mara, shida ni mawimbi, kebo au msongamano. Anwani ya namba ikifanya kazi lakini jina halipatikani, hiyo ni DNS. Mlango fulani ukikataa kabisa hata kuanza salamu za TCP (pakiti za kwanza za kufungua muunganisho), angalia fayawoli au programu yenyewe kama inasikiliza. Tatizo la MTU huruhusu salamu ziishe vizuri, kwa sababu pakiti za salamu ni ndogo. Linauma pale data halisi inapoanza kwenda.

Kinachotokea njiani

Kila kiolesura cha mtandao kina MTU yake, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ya IP inayoweza kupita hapo bila kukatwa. Kwenye Ethernet ya kawaida ni baiti 1500. Kila tabaka linaloongezwa njiani linakula sehemu ya hizo 1500: PPPoE, ambayo baadhi ya laini za faiba na DSL huitumia, inakula 8 na kukuachia 1492. WireGuard, programu ya handaki la VPN, inakula 60 ikipita juu ya IPv4 na 80 ikipita juu ya IPv6.

Seva yako haijui njia nzima ilivyo. Inatuma pakiti za 1500 zikiwa na alama ya DF, inayosema "usinikate". Ruta yenye njia nyembamba ikiipokea, wajibu wake ni kuitupa na kurudisha ujumbe wa ICMP (itifaki ya kupeana taarifa za mtandao, ambayo ping pia huitumia) wa aina ya 3, msimbo wa 4, unaotaja ukubwa unaokubalika. Seva inapunguza, maisha yanaendelea. Utaratibu huu uliandikwa kwenye RFC 1191, moja ya hati za kanuni za intaneti, mwaka 1990, na unafanya kazi vizuri sana pale ujumbe huo unapofika.

Shida ni kwamba mara nyingi haufiki. Wapo wasimamizi wa mitandao wanaozuia ICMP yote kwa kuamini kuwa ni usalama, na wakifanya hivyo wanaua ujumbe pekee ambao ungeiambia seva kwamba pakiti zake ni kubwa mno. Seva inatuma, pakiti inatupwa kimya, seva inatuma tena ileile. RFC 2923 ililieleza tatizo hili kwa kina mwaka 2000 na bado lipo. Kwenye IPv6 hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ruta za njiani hazikati pakiti kabisa. Ujumbe wa ICMPv6 wa aina ya 2 ukizuiwa, hakuna kinachoweza kuokoa kule njiani.

Kwa hiyo, kama kwenye seva yako kuna sheria ya fayawoli inayotupa ICMP yote, iondoe leo, hata kama huna tatizo lolote kwa sasa.

Pima kwanza, namba baadaye

Ukitafuta msaada mtandaoni utapewa namba nyingi: weka 1400, weka 1280, weka 1450. Usiweke yoyote kabla ya kupima. Namba ndogo mno hupoteza uwezo, na namba iliyowekwa mahali pasipohusika huficha tatizo hadi siku nyingine.

Kwenye Linux:

```
ping -M do -c 3 -s 1472 203.0.113.10
```

Badala ya anwani hiyo weka ya seva ya mbali unayowasiliana nayo. `-M do` inaweka ile alama ya DF. `-s 1472` ni mzigo tu. Juu yake huongezwa baiti 8 za ICMP na 20 za kichwa cha IPv4, jumla 1500. Baiti hizi 28 ndizo zinazowachanganya watu wengi, wanaojaribu `-s 1500` na kuhitimisha kuwa mtandao mzima ni mbovu. Kwenye Windows amri ni `ping -f -l 1472`, na kwenye macOS ni `ping -D -s 1472`.

Majibu yako ya namna tatu, na kila moja lina maana yake. Ukiona

```
ping: local error: message too long, mtu=1420
```

pakiti haijatoka hata kwenye kompyuta yako. Kiolesura chake chenyewe kina 1420, au kerneli (kiini cha mfumo) imeshajifunza ukubwa huo kuhusu njia hiyo. Ukiona

```
From 192.168.1.1 icmp_seq=1 Frag needed and DF set (mtu = 1492)
```

umebahatika: ruta imekueleza ukweli, na ICMP inafanya kazi angalau hadi hapo. Ukiona ukimya, pakiti 3 zimetumwa na 0 zimepokelewa, ilhali `-s 1000` inajibiwa bila shida, hilo ndilo shimo jeusi lenyewe.

Ukiwa kwenye ukimya huo, tafuta mpaka kwa kugawanya katikati: 1472 imekataa, jaribu 1300, ikipita, jaribu 1386, endelea mpaka namba mbili zinazofuatana, moja inapita na nyingine haipiti. Ongeza 28 kwenye ile iliyopita. Tuseme 1372 imepita na 1373 imekwama: njia yako ni 1400.

Yapo mambo mawili ya kuangalia hapa. Baadhi ya seva za watu hukataa ping kubwa kwa makusudi, hivyo pima kuelekea mashine unayoimiliki, au angalau anwani mbili tofauti, kabla ya kuamini jibu. Pia kerneli ya Linux hukumbuka ukubwa iliojifunza kwa dakika 10. Ukibadilisha kitu kisha ukapima papo hapo unaweza kusoma kumbukumbu ya zamani. `ip route get 203.0.113.10` inaonyesha kama kuna `mtu` iliyohifadhiwa, na `ip route flush cache` inaifuta.

`tracepath 203.0.113.10` inasaidia pia: inatembea hatua kwa hatua na kuandika `pmtu` kila inapopungua. Ila inategemea ICMP ileile, kwa hiyo kwenye shimo jeusi itaishia kuandika `no reply`.

SSH inaunganika, inaishia kwenye funguo

Endesha `ssh -v` na utazame mstari wa mwisho kabla ya kuganda. Ukiwa huu

```
debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY
```

na hakuna kinachofuata, shuku MTU kabla ya kitu kingine chochote. Hapo ndipo pande mbili zinapobadilishana orodha za algorithimu na funguo, na pakiti zinajaa kwa mara ya kwanza. Dalili hii inaonekana zaidi siku hizi kwa sababu funguo zenyewe zimekuwa kubwa: tangu toleo la 9.0 la mwaka 2022, OpenSSH hutumia ubadilishanaji wa funguo unaolenga kuhimili kompyuta za kwanta, na ufunguo wake wa wazi peke yake unazidi baiti 1100. Mtu anaboresha mfumo, SSH iliyokuwa ikifanya kazi inaganda, naye analilaumu toleo jipya. Kumbe njia ilikuwa nyembamba siku zote, na hakuna aliyewahi kuijaza mapema hivyo.

Jaribu `ssh -o KexAlgorithms=curve25519-sha256 seva`. Ikipita, umepata ushahidi. Usiuache kama suluhisho, maana `dmesg` ya kwanza itaganda vilevile.

HTTPS ina dalili pacha. `curl -v` inaandika kuwa imeunganika, inatuma `Client hello`, kisha kimya. Jibu la seva linabeba mnyororo wa vyeti wenye baiti elfu kadhaa, hivyo pakiti zake zinakuja zikiwa zimejaa pomoni na kutupwa njiani. Tovuti hiyohiyo kwa HTTP tupu inaweza kujibu, kwa sababu jibu lake ni mstari mfupi wa kukuelekeza kwenye HTTPS.

Wakati imeganda, fungua terminali nyingine kwenye seva uandike `ss -ti`. Tafuta muunganisho huo. Send-Q (data inayosubiri kufika) ikiwa haishuki kufikia sifuri, `retrans` (idadi ya marudio) ikipanda na `backoff` (kusubiri kati ya marudio) ikiongezeka, huku `pmtu:1500` ikibaki ilivyo, unaiona seva ikirudia pakiti ileile isiyofika.

Nyumbani sawa, kupitia handaki hapana

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na hasa kwetu sisi ambao seva zetu ziko nyuma ya ruta ya 4G. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4, kwa hiyo hakuna anayeweza kuifikia seva yako moja kwa moja kutoka nje. Suluhisho la kawaida ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, kisha seva ya nyumbani inajenga handaki la WireGuard hadi huko. Njia inafanya kazi vizuri, lakini umeweka tabaka la WireGuard juu ya mtandao wa simu, ambao nao mara nyingi una MTU iliyo chini ya 1500.

WireGuard huja na 1420. Hesabu yake ni 1500 kutoa 80, yaani imechukulia kwamba njia ya chini ni 1500 kamili. Njia yako ikiwa 1400, pakiti ya ndani ya 1420 inatoka ikiwa na 1480 na haiingii.

Na hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi hayaligusi. Kwenye Linux, WireGuard haiweki alama ya DF kwenye pakiti ya nje ya IPv4. Hivyo pakiti kubwa haikataliwi, inakatwa vipande. Vipande vikifika vyote, utaona kasi ndogo tu na hutajua kwa nini. Vikipita kwenye kifaa kinachotupa vipande, na vifaa vya kugawana anwani ni miongoni mwa vinavyofanya hivyo, utaona mgando uleule. Ndani ya handaki hakuna ICMP yoyote itakayokwambia. Vipande vikiwa vinafika, ushahidi unaupata kwenye seva ya kukodi, ukisikiliza vipande huku seva ya nyumbani ikipakia faili kubwa (badilisha `eth0` kwa jina la kiolesura chako):

```
tcpdump -ni eth0 'ip[6:2] & 0x3fff != 0'
```

Mistari ikimiminika kutoka anwani ya mtandao wako wa simu, MTU ya handaki ni kubwa mno.

Hesabu ni fupi. Pima njia ya nje, nje ya handaki, kuelekea anwani ya wazi ya seva ya kukodi. Umepata 1400? Toa 60 kama handaki linapita juu ya IPv4: 1340. Jaribu kwanza bila kuandika popote (`wg0` ni kiolesura cha handaki):

```
ip link set dev wg0 mtu 1340
```

Fanya hivyo pande zote mbili, kwa sababu kila upande unatawala kile unachotuma wenyewe tu. Kisha ndani ya handaki pima `ping -M do -s 1312`, ambayo ni 1340 kutoa 28. Ikijibu, na vipande vimekoma kwenye tcpdump, andika `MTU = 1340` chini ya `[Interface]` kwenye faili la wg0 pande zote mbili.

Usishuke chini ya 1280 kama unatumia IPv6 ndani ya handaki. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho IPv6 inakikubali, na Linux huizima IPv6 kwenye kiolesura kilichowekwa chini yake. Mtu anaweka 1200 "kwa usalama", kisha anatumia wikiendi nzima kutafuta IPv6 yake ilikokwenda.

Seva inapata kila kitu, kontena halipati

Kwenye seva yenyewe `curl` inafanya kazi. Ndani ya kontena la Docker (programu iliyotengwa yenye mtandao wake wa ndani), amri hiyohiyo inaganda. Linganisha:

```
ip link show wg0
docker exec jina_la_kontena cat /sys/class/net/eth0/mtu
```

Ya kwanza inasema 1340, ya pili 1500. Docker haifuati MTU ya kiolesura cha nje. Mitandao yake huzaliwa na 1500. Linaloumiza zaidi ni upande wa kupokea. Kontena linapoanzisha TCP hutangaza MSS, yaani kiasi cha data kinachoweza kubebwa na pakiti moja, na hutangaza 1460 kwa sababu linaona 1500 mlangoni pake. Upande wa pili unatii na kutuma pakiti za 1500, zinafika mwisho wa handaki, zinakataliwa, na kama ICMP haimrudii mtumaji, basi.

Ukitumia Compose, weka hivi:

```
networks:
  default:
    driver_opts:
      com.docker.network.driver.mtu: "1340"
```

kisha `docker compose down` na `up -d`, maana mtandao uliokwisha kuundwa haubadiliki kwa kuwasha upya kontena peke yake. Kuweka `"mtu": 1340` ndani ya `daemon.json` hubadilisha mtandao wa `docker0` tu, na miradi ya Compose kwa kawaida huunda mitandao yake yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoona "nimebadilisha lakini wapi".

Mtandao wa ndani uliowekwa 9000

Mtu amesoma kuwa fremu kubwa zinaongeza kasi, akaweka MTU ya 9000 kwenye seva na kwenye kompyuta ya mezani. NFS (kushirikiana folda mtandaoni) inajiunga, folda ndogo inafunguka, folda yenye maelfu ya faili inaning'inia.

Kompyuta moja ikiwa 9000 na nyingine 1500, TCP mara nyingi hupona, kwa sababu wanafuata MSS iliyo ndogo. Kinachoua ni ncha zote mbili kuwa 9000 na swichi ya katikati kutozikubali. Swichi haina anwani ya kurudishia ICMP, inatupa tu. Pima kwa `ping -M do -s 8972`.

Kwa mtandao wa nyumbani wa gigabiti moja, rudisha 1500. Kikokotoo kinasema TCP itafika takriban megabiti 941 kwa sekunde ukiwa na 1500, na karibu 990 ukiwa na 9000. Tofauti hiyo hailipi usumbufu wa kuhakikisha kila swichi, runinga na ruta vinakubaliana.

Ikiwa ruta ni seva yako

Seva inayopitisha trafiki ya wengine, au seva ya kukodi inayopokea wageni na kuwapeleka nyumbani, inaweza kuwakinga wote kwa sheria moja inayorekebisha MSS ndani ya salamu za TCP:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN \
  -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Kwa nftables ni `tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu` ndani ya mnyororo wa forward. Naipenda sheria hii kwa sababu haihitaji ICMP ya mtu yeyote. Kumbuka tu kwamba inagusa TCP peke yake. Michezo, simu za sauti na HTTP/3 zinakwenda kwa UDP, kwa hiyo MTU ya handaki bado lazima iwe sahihi.

Kama tatizo liko mbali usikoweza kugusa, `sysctl -w net.ipv4.tcp_mtu_probing=1` inaifundisha seva kupunguza yenyewe inapohisi shimo jeusi. Kila muunganisho utasubiri kidogo mwanzoni kabla haujazinduka. Ni kinga nzuri ya ziada, sio badala ya kurekebisha palipobana.

Mtego wa tcpdump

Unasikiliza kwenye seva na unaona pakiti zenye urefu wa 2896, au hata makumi ya maelfu ya baiti, ilhali MTU ni 1500. Usishtuke. Kadi za mtandao za kisasa huachiwa kazi ya kukata data, na tcpdump inaiona kabla haijakatwa. 2896 ni 1448 mara mbili. Ukitaka kuona kinachotoka kwenye waya, zima kazi hiyo kwa muda: `ethtool -K eth0 tso off gso off gro off`, kisha uiwashe ukimaliza.

Kuifanya idumu, na kumpigia mtoa huduma

`ip link set` husahaulika seva ikizimika. Kwenye Netplan andika `mtu: 1492` chini ya kiolesura husika; kwenye systemd-networkd ni `MTUBytes=1492` chini ya `[Link]`. Zima na uwashe seva ukiwa karibu nayo, kisha rudia ping ileile ya DF.

Ukibaini kuwa shimo liko kwa mtoa huduma, usimwambie "mtandao unasumbua". Mtumie matokeo mawili ya ping kuelekea anwani moja, lenye ukubwa unaopita na lenye ukubwa unaokwama, pamoja na saa uliyopima. Mweleze kwamba ICMP aina ya 3 msimbo wa 4 hairudi. Omba tiketi ifike kwa fundi wa mtandao, kwa sababu anayepokea simu atakushauri uzime ruta na kuiwasha.